Mstari wa Kumi na Nne

Kazi yangu hapa Kibirizi si nondo wala zege.
Mimi natunza daftari la mashaka:
namba, jambo, uwezekano, athari, mwenye dhamana,
na mwishoni kisanduku cha rangi,
kijani, njano au nyekundu.

Mstari wa kwanza: dola kupanda.
Wa tatu: mabehewa ya saruji kukwama Uvinza, reli ikisombwa.
Wa sita: mzamiaji kuugua
(tunaye mmoja tu, Gaspari Nzohabonayo,
na mkewe hataki azame Ijumaa).
Wa tisa: mwamba kutokuwapo pale ramani ilipouweka.

Huo wa tisa ulitokea kweli.
Tulipigilia nguzo ya nne mita kumi na nane,
ikazidi kushuka kama kijiko ndani ya uji.
Mhandisi Ruhasha akavua kofia, akajipangusa kipara:
"Basi. Ndiyo kazi ya ile asilimia kumi."

Asilimia kumi, fungu la tusiyoyajua.
Kwenye rasimu ilikuwa kumi na tano.
Kikaoni wakasema limenona, wakalichuna.
Mradi unaotangazwa rahisi ndio unaopata saini.

Halafu wa kumi na nne: ziwa kupanda.

Niliuhangaikia wiki mbili.
Nilipekua vitabu vya vipimo vya bandari;
miaka mingine ina kurasa, mingine ina mende.
Nikaenda ghala kuukuu la chumvi,
nikakuta ukutani ufito wa kahawia,
alama ya maji, juu ya kitasa, usawa wa kidevu changu.
Nikaushusha utepe hadi maji ya siku ile.
Nikarudi ofisini, nikaandika: uwezekano, nne kati ya tano.
Nikapaka nyekundu.

Meneja wetu, Bi Spesioza, hakunifokea.
Heri angenifokea.
Alinimiminia chai, akasema taratibu:
"Koleta, benki wakiona nyekundu tatu ukurasa wa kwanza
gati halijengwi.
Na gati lisipojengwa, ziwa litapanda juu ya nini?"
Tukacheka, wote wawili.
Nikafuta nne, nikaandika mbili.
Kijani, kibichi kama jani la mgomba.
Mwenye dhamana: nikaacha wazi.

Ziwa halisomi daftari.
Lilikuja Machi bila kelele, kidole kwa kidole,
likala ngazi ya chini, likala ya pili.
Wauza dagaa walihamisha chanja zao mara tatu
na hawakumuuliza mtu asilimia.
Sakafu tuliyoimwaga usiku sita mfululizo
ikawa beseni.
Niliona mgebuka ukipita juu ya boliti.

Sasa tunainua. Mita moja na robo.
Fungu limekauka, mkandarasi ameleta madai,
kurasa mia mbili na kumi, zimefungwa kwa kamba ya katani,
na kila anayesimama mkutanoni anasema "haikutarajiwa".
Neno hilo linaingia kwenye kumbukumbu
kwa mwandiko wangu.

Sisemi kwamba nne ingetuokoa.
Huenda tungejenga juu, ziwa likanywea,
watu wakatucheka: gati la kuning'inia, abiria alete kamba.
Mashaka ndivyo yalivyo, ukiyapatia
hakuna anayeona kitu.
Ila pangekuwapo mahali, hata kwenye karatasi,
pa kuonyesha kuwa tulilitazama ziwa usoni.

Jana jioni, wenzangu walipokwisha kuondoka
na jenereta kuzimwa,
nililifungua daftari kwa mwanga wa simu.
Lilikuwa na mistari sitini. Nikaongeza mmoja.

Sitini na moja: karani kujua nne, akaandika mbili.
Uwezekano: tano.
Athari: mita moja na robo.
Mwenye dhamana: Koleta Bihembe.

Kalamu nyekundu ilikuwa imekauka.
Nikailowesha ulimini, nikapaka.